Niliacha dawa ya damu baada ya kutokwa damu usiku kucha. Nifanye nini?

Salaam aleikum, dada.

Nina miaka 29, niko Busia upande wa Uganda, nauza vitenge sokoni. Mume wangu ni dereva wa lori, anabeba mizigo kutoka Mombasa hadi Kampala na wakati mwingine anapitiliza Juba, kwa hiyo nyumbani mara nyingi tuko mimi, binti yetu Shamim na mama mkwe.

Utotoni niliumwa sana koo na viungo na hakuna aliyejua ni ugonjwa gani. Baada ya kumzaa Shamim nikawa siwezi kupanda hata kilima kidogo, nikilala kifua kinabana, miguu inavimba. Walipopiga picha ya moyo wakakuta vali moja ya upande wa kushoto, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya moyo, imeharibika. Nikafanyiwa upasuaji, nikawekewa vali ya chuma. Usiku kukiwa kimya mume wangu huisikia ikilia tik, tik. Tangu hapo nameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, miligramu 5 kila jioni, na niliambiwa nitaimeza maisha yangu yote.

Mwaka wa kwanza nilikuwa napimwa damu kila mwezi. Halafu biashara ikawa mbaya, nauli ikawa shida, nikaanza kuruka mwezi mmoja, baadaye mitatu. Nilijiona mzima, nikasema kupimwa kwa nini.

Mwezi uliopita nilishikwa na jino. Nikaenda kliniki ya karibu na soko. Nilichomwa sindano ya maumivu ya diklofenaki ya makalio, nikapewa Flagyl ya kuua vijidudu na vidonge vya maumivu. Hawakuniuliza natumia dawa gani, nami sikusema, maana sikujua kama jino na moyo vinahusiana. Siku chache baadaye pua ikaanza kutoka damu usiku, ikakataa kukatika mpaka alfajiri. Pale nilipochomwa sindano pamevimba na kuwa peusi, fizi zinatoa damu nikipiga mswaki. Hospitali walinipima INR, kile kipimo cha damu inavyoganda, wakakuta 6.8. Wakaniambia nisimeze warfarini kwa siku mbili kisha nirudi nipimwe tena. Damu ilikatika. Sikurudi.

Mama mkwe anasema dawa hiyo ni sumu ya panya, mwanawe ambaye ni mwalimu amesoma habari hiyo. Sasa ananichemshia tangawizi, kitunguu saumu na unga wa mlonge kila asubuhi, anasema hivyo navyo vinalainisha damu bila kuua mtu. Ni wiki ya pili sijagusa kidonge. Shemeji yangu aliye Ulaya naye anasema kuna dawa mpya, rivaroksabani, haihitaji kupimwa damu, na yuko tayari kunitumia. Hapa ndani bado nina pakiti ya warfarini niliyonunua upande wa Kenya, lakini rangi yake si ile niliyozoea na naiogopa.

Na jambo la mwisho, ambalo mama mkwe hajui: mimi na mume wangu tunataka mtoto wa pili.

Mama Shamim, Busia (si jina langu)


Wa aleikum salaam, Mama Shamim.

Barua yako sikuiacha ingoje zamu. Nilikupigia siku ileile niliyoisoma, na unakumbuka nilichokuambia: panda gari uende hospitali leo, usimngoje mume arudi safari. Ninayaandika tena hapa kwa ruhusa yako, kwa sababu nimekaa dirisha la dawa miaka mingi na nawajua wenzako. Wapo wenye vali kama yako waliotishwa na damu, wakaacha dawa, na wanajisikia salama kabisa.

Hatari yako kubwa wiki hii ilikuwa damu kuganda, wala si damu kutoka. Damu ikigusa kitu ambacho si mwili wako, huanza kuganda juu yake. Vali yako iko mahali ambapo damu inapita kwa nguvu ndogo kuliko kwenye mlango wa mshipa mkuu, kwa hiyo bonge hupata nafasi kwa urahisi zaidi. Likijijenga pale, vali inakwama na mapafu yanajaa maji kwa saa chache. Likichomoka, linapanda ubongoni na mtu anaanguka na kiharusi. Warfarini ya mwisho uliyomeza imekwisha mwilini: nusu yake hutoka kwa takriban saa 40, na baada ya siku 5 hivi damu inakuwa imerudi kuganda kama ya mtu ambaye hajawahi kuionja. Wewe uko wiki ya pili. Tangawizi haikukulinda siku hata moja.

Ndiyo sababu swali langu la kwanza kwenye simu lilikuwa la ajabu kwako: ile tik, tik bado inasikika? Mlio wa vali ukififia au ukipotea, ukaanza kuhema ukilala chali, hiyo ni dharura ya saa ile. Vivyo hivyo mdomo ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea, maneno yakigoma kutoka. Mume wako ayajue haya, na mama mkwe pia, kwa sababu mwenye kiharusi hawezi kujieleza.

Nilikuambia pia usimeze vidonge viwili au vitatu ili kufidia siku zilizopita. Warfarini haifanyi kazi siku unayoimeza. Inachukua siku 2 au 3 kuanza kuonekana, na 5 au zaidi kufika pale panapotakiwa. Ukiimeza kwa pupa leo, utavuna damu wiki ijayo. Hospitalini watapima INR kwanza, watasikiliza vali na ikibidi kuipiga picha, halafu kwa siku za mwanzo huenda wakakuchoma heparini, ile sindano ndogo ya chini ya ngozi ya tumbo. Hiyo inafanya kazi ndani ya saa chache, inakushikia nafasi mpaka warfarini ifike.

Sasa tuje kwenye usiku ule wa damu, maana hapo ndipo mama mkwe alipata hoja yake.

Ini lako hutumia vitamini K kutengeneza protini zinazogandisha damu. Warfarini inaizuia vitamini K isitumike tena na tena, hivyo protini hizo zinapungua. Kiasi kile kinachokufaa wewe kinategemea ini lako, chakula chako, na dawa nyingine unazomeza. Flagyl, yaani metronidazoli, hulizuia ini lisiivunje warfarini. Kidonge chako kilekile cha miligramu 5 kikaanza kufanya kazi kama vile umemeza zaidi, siku baada ya siku. Juu yake kikaja diklofenaki, ambayo huchubua ukuta wa tumbo na kuzidhoofisha chembe za damu zinazoziba jeraha. Na diklofenaki hiyo ikaingizwa kwa sindano ndefu ndani ya msuli, mahali ambapo huwezi kufunga bandeji wala kuona damu inavyojaa. Weusi ule ulikuwa damu iliyojikusanya ndani. Na yote haya yalimkuta mtu ambaye hajapimwa kwa miezi, kwa hiyo hakuna aliyejua alianzia namba ngapi.

Sikulaumu, na nesi yule sitamhukumu kwa barua. Ila nataka uone kwamba dawa haikukugeuka ghafla. Ilibadilishiwa mazingira na hakuna aliyeipima. Warfarini bila kipimo cha damu ni nusu ya tiba, na nusu iliyokosekana ndiyo inayoua.

Kipimo chenyewe kina historia ya kukusaidia. Zamani kila maabara ilitoa jibu kwa sekunde, na sekunde za maabara moja hazikulingana na za nyingine kwa sababu kemikali zao zilikuwa tofauti. Mwaka 1983 Shirika la Afya Duniani likapitisha INR, namba moja inayosomeka sawa Mombasa, Busia na Kampala. Mtu asiyetumia dawa hii huwa na 1 hivi. Anayeitumia kwa bonge la mguuni, au kwa mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio bila vali ya chuma, hutakiwa awe kati ya 2 na 3. Wewe, kwa vali iliyo mahali hapo, kwa kawaida ni kati ya 2.5 na 3.5, thibitisha kwa daktari wako namba aliyokuandikia. 6.8 ni karibu mara mbili ya mpaka wako wa juu. Ukipewa karatasi yenye sekunde peke yake, irudishe dirishani uombe waandike INR.

Kuhusu nauli, nakuelewa. Busia hadi hospitali ya Mulago, Kampala, ni karibu kilomita 200, na ukihesabu kwenda, kurudi na siku ya soko iliyopotea, si fedha ndogo. Lakini kukata shauri ni lazima kwenda Kampala kwa kila kipimo ndiko kulikokufikisha hapa. Waombe kliniki ya moyo waliokufanyia upasuaji wakubali upimwe karibu na uwapelekee namba kwa simu, nao wakwambie dozi. Piga simu maabara za hospitali kubwa za Tororo na Mbale uulize kama kipimo na kemikali zake vipo siku hiyo, kabla hujapanda gari. Maabara zingine za binafsi zina kimashine cha kutoboa kidole kinachotoa jibu kwa dakika chache. Ukiisha tulia kwenye kiwango chako, mara moja kila wiki 4 inatosha. Lakini dozi ikibadilishwa, dawa mpya ikianzishwa au ikiachwa, ukiugua ukashindwa kula, ukiharisha siku kadhaa, hapo usingoje mwezi. Pima ndani ya wiki.

Nunua daftari dogo. Tarehe, namba ya INR, miligramu unazomeza, na dawa nyingine yoyote uliyopewa. Nimeona madaktari wakifanya maamuzi mazuri kwa kusoma daftari la mgonjwa kuliko kwa faili lenye kurasa zilizochanika. Kimeze kidonge jioni, kama ulivyozoeshwa, kwa sababu ukipimwa asubuhi na dozi ikibadilishwa mchana, unaanza jioni ileile. Ukisahau na ukakumbuka kabla hujalala, meza. Ukikumbuka kesho yake, kilichopita kimepita; endelea na cha siku hiyo kimoja tu na uandike daftarini.

Mama mkwe hakusema uongo kuhusu panya, na usimjibu kwa dharau. Miaka ya 1920 ng'ombe wa Marekani na Kanada walikuwa wanakufa kwa kutokwa damu baada ya kula nyasi za aina moja ya klova zilizooza. Mkemia Karl Paul Link na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin walikitafuta kitu kilichokuwa ndani ya nyasi hizo mpaka wakakipata, na kutokana nacho wakatengeneza warfarini. Mwaka 1948 iliuzwa kuua panya. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu, na mwaka uliofuata akapewa Dwight Eisenhower, rais wa Marekani, baada ya shambulio la moyo. Panya hula bila kipimo mpaka atoke damu. Wewe unapewa miligramu chache, unapimwa, na ikizidi kuna vitamini K ya kuirudisha nyuma, ingawa kwa mwenye vali vitamini K hutolewa kwa mkono mwepesi, maana ikizidi warfarini itagoma kufanya kazi kwa siku nyingi. Mweleze hivyo. Kama anaweza, mwombe akusindikize siku ya kipimo aione namba mwenyewe. Mkwe anayekuchemshia dawa kila alfajiri anakupenda, na mtu wa namna hiyo akishaelewa ndiye atakayekukumbusha kidonge cha jioni.

Mchanganyiko wake lakini uache. Tangawizi na kitunguu saumu ndani ya mchuzi havina neno. Vikichemshwa vikali na kunywewa kila siku kama dawa, vinaweza kuongeza kutokwa damu, na hakuna maabara itakayokuambia umekunywa kiasi gani. Unga wa mlonge ni majani yaliyokaushwa, na majani ya kijani ndiko vitamini K inakokaa. Huo unavutia upande wa pili. Unaona shida? Kikombe kimoja, viungo viwili vinavuta huku, kimoja kinavuta kule.

Na hapo wengi hukosea kuhusu mboga. Wanaambiwa vitamini K inapingana na warfarini, basi wanaacha dodo, nakati, sukuma wiki na kisamvu kabisa. Siku wakija wageni wanakula sahani nzima, INR inashuka. Kula mboga zako, ila kwa kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, na daktari atapanga dozi kufuata sahani yako. Posho, matoke, mihogo na karanga havikusumbui. Ramadhani ikikaribia, zungumza na kliniki mapema, kwa sababu milo ikibadilika na INR hubadilika. Bahati nzuri kidonge chako ni cha jioni. Kwa wasomaji wengine ambao jioni yao ina waragi: unywaji wa kupindukia unaipandisha INR na kuwaangusha watu vichwa chini, na kichwa kilichogongwa kwa mtu wa warfarini ni cha kupelekwa hospitali hata bila jeraha la nje. Abiria wa bodaboda, kofia ngumu si hiari kwenu.

Dawa ya shemeji. Mwambie asante, na asitume. Rivaroksabani, apiksabani na dabigatrani ni dawa nzuri kwa watu wengi, na ni kweli hazihitaji INR. Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani limeziweka kwenye orodha ya dawa muhimu. Lakini si kwa vali ya chuma. Dabigatrani ilijaribiwa kwa wenye vali kama yako, na utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati, matokeo yakachapishwa 2013: waliopewa dawa mpya walipata mabonge zaidi na damu zaidi kuliko wa warfarini. Apiksabani nayo ilijaribiwa kwa wenye vali za chuma, na utafiti huo ukasimamishwa 2022. Mwaka huohuo ulichapishwa utafiti mwingine wa watu zaidi ya 4,500 katika nchi 24, wenye moyo ulioharibiwa na homa ya rumatiki, ugonjwa unaoanzia kooni, na mapigo yasiyo na mpangilio, bila vali za chuma, na hata hao waliotumia dawa za kundi la warfarini walifariki wachache kuliko wa rivaroksabani. Anayekuambia hizi mpya ni bora kwa kila mtu hajaisoma habari yako. Shemeji akitaka kusaidia, atume nauli ya kipimo.

Ile pakiti ya upande wa Kenya: usihukumu kwa rangi. Uingereza kidonge cha waridi ni cha miligramu 5. Marekani cha waridi ni cha miligramu 1. Viwanda vingine vina rangi zao, na vingine hutoa vyeupe tu. Hapa mpakani nimeona mtu akimeza moja ya tano ya dozi yake wiki nzima kwa kuamini rangi. Soma miligramu zilizoandikwa kwenye karatasi ya kidonge, tarehe ya mwisho, na kama ufungaji umepasuka au maandishi yamefutika, usiimeze. Nenda nayo kwa mfamasia aliyesajiliwa aikague. Kampuni ikibadilika hata kama miligramu ni zilezile, omba INR ndani ya wiki. Ukipata duka lenye aina moja mwaka mzima, shikamana nalo.

Jino bado liko mdomoni, na mimi linanisumbua kuliko unavyodhani. Vijidudu vya jino bovu vikiingia kwenye damu vinaweza kukaa juu ya vali yako, na maambukizi ya vali ya bandia ni magumu sana kutibu. Jino lisikae. Lakini ling'olewe hospitalini na daktari wa meno anayejua una vali. Kwa kawaida warfarini haiachwi kwa jino moja: INR hupimwa siku chache kabla au siku hiyohiyo, ikiwa mahali pake wanang'oa, wanashona na kukandamiza kwa pamba. Na kabla ya kung'oa hupewa antibiotiki ya kuilinda vali, mara nyingi amoksilini gramu 2, kati ya nusu saa na saa moja mapema. Akikuambia uache warfarini wiki nzima kwanza, mwombe azungumze na kliniki ya moyo kabla hujakubali.

Kwa maumivu, Panadol ndiyo yako. Usizidishe vidonge 4 vya miligramu 500 kwa siku, na kama unaihitaji kwa siku nyingi mfululizo, pima, kwa sababu nayo hupandisha INR taratibu. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini usiziguse ila kama daktari wa moyo mwenyewe amekuandikia aspirini. Sindano za misuli zikataeni, isipokuwa moja. Kama umepangiwa penisilini ya kila wiki 3 au 4 kwa ajili ya homa ya rumatiki, hiyo endelea nayo. Mwambie nesi unatumia warfarini, hakikisha INR yako haijapanda, na akandamize pale alipochoma kwa dakika kadhaa bila kusugua.

Malaria huko kwenu ni jirani wa kila siku, kwa hiyo lazima niliseme. Pima kabla ya kutibu. Ikiwepo, meza dozi ya mseto yote, usiogope. Malaria isiyotibiwa ni hatari kuliko mabadiliko ya INR. Kisha pima INR baada ya wiki, kwa maana homa na kutokula peke yake huipandisha. Kwinini inaweza kuipandisha, na Septrin na flukonazoli ya fangasi huipandisha sana. Rifampisini ya kifua kikuu inaishusha mno, na inapoachwa INR hupanda polepole kwa wiki kadhaa wakati kila mtu ameshasahau. Huwezi kukariri majina yote. Kariri sentensi moja na uiseme kwenye kila dirisha kabla hata hujataja kinachokuuma: "Nina vali ya chuma kwenye moyo na natumia warfarini." Wakinyamaza, irudie.

Dalili za kukukimbiza hospitali ni choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, matapishi ya rangi ya kahawa iliyokolea, pua isiyokatika baada ya kuibana dakika 10, hedhi ya kulowesha kitambaa kila saa, na kichwa kinachouma ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa. Fizi kutoa damu kidogo au alama za bluu bila kujua ulijigonga wapi, hizo zikupeleke kupima kesho yake.

Koo na viungo vya utotoni ulivyovitaja ndiyo homa ya rumatiki, iliyokula vali yako. Shamim akiumwa koo na homa, asitibiwe kwa chumvi na maji pekee, apelekwe. Na akija fundi wa kupiga picha za moyo shuleni, mwache apimwe. Utafiti uliofanywa kaskazini mwa Uganda na kuchapishwa 2022, wa watoto 818 waliokutwa na dalili za mwanzo kabisa, ulionyesha kwamba kwa miaka 2 ugonjwa uliendelea kwa asilimia 8.2 ya wasiopewa penisilini, na asilimia 0.8 tu ya waliochomwa kila mwezi. Penisilini ni ya bei ndogo. Upasuaji wako unajua ulivyokuwa.

Mtoto wa pili. Nimeliacha mwisho kwa sababu nataka ulisome ukiwa umetulia, na ulisome na mume.

Inawezekana. Wanawake wenye vali ya chuma huzaa. Lakini ni mimba ya kupangwa, haifai ije kama mgeni. Warfarini inavuka kwenda kwa mtoto. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 inaweza kuharibu mifupa na pua yake, na baadaye inaweza kumsababishia damu ubongoni. Hatari ni kubwa zaidi kwa mama anayemeza zaidi ya miligramu 5 kwa siku. Heparini haimfikii mtoto, lakini inailinda vali yako kwa udhaifu zaidi na inahitaji vipimo vyake. Kwa hiyo kila njia ina gharama: moja inambana mtoto, nyingine inambana mama. Daktari wa moyo na daktari wa uzazi wanapaswa kukaa nanyi wawili kabla ya mimba, waangalie dozi yako ya kweli ikishatulia, waangalie nguvu ya moyo, wapange nani atakuchoma nini katika wiki zipi. Karibu na wiki ya 36 warfarini hubadilishwa tena kuwa heparini, kwa sababu uchungu ukianza ukiwa juu ya warfarini damu ya mtoto nayo haigandi. Kuzaa kutakuwa hospitali kubwa, na utahamia karibu nayo mapema. Kunyonyesha ukitumia warfarini hakuna shida.

Mpaka siku hiyo ya mpango, zuia mimba. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni si vyako, vinagandisha damu. Kipandikizi cha mkononi kinakufaa zaidi; kitanzi pia kinawezekana kwa ushauri, lakini cha shaba huongeza hedhi. Mume asikilize hili, kwa sababu dereva anayerudi baada ya wiki 3 naye ni mmoja wa wapangaji.

Na siku zako zikichelewa hata kidogo, nunua kipimo cha mkojo. Kikionyesha mistari miwili, usiache warfarini mwenyewe na usisubiri kliniki ya mwezi ujao: wapigie watu wa moyo siku hiyohiyo, endelea na kidonge cha jioni mpaka wakuambie wao nini cha kubadilisha, na uandike tarehe ya hedhi ya mwisho kwenye lile daftari.